NANI KASEMA PORI HALINA MWENYEWE?



Tumechoka kusikia ati pori halina mwenyewe. Mbona likikatwa faida inapata mwenyewe? Mlanguzi wa mkaa anakuja na lori usiku, anatuachia visiki na majivu. Huyo ni kupe. Na anayemwonyesha njia tunamfahamu, tunakula naye ugali.

Tutazame wenzetu wa Wilaya ya Tanganyika. Watu wa vijiji 8 walipanga ardhi yao, huku mashamba, kule msitu wa Ntakata, wakaulinda wenyewe. Sasa wanalipwa fedha za hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa miti iliyosimama, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Sisi tunauza gunia la mkaa mara moja, basi, kwisha!

Halafu tunashangaa Mto Katuma kukauka kiangazi, viboko wa Katavi wanagaagaa topeni. Wanaochepusha maji kwa mpunga wana lao, hatuwasamehe, lakini kilima kikiwa uchi maji hayakai.

Na wakulima wa tumbaku je? Bani inakula magogo kila msimu, miche hampandi. Tunadai kila mwenye bani aonyeshe miti aliyopanda kabla ya kugawiwa mbolea. Asiyekubali aje mkutanoni, aseme mbele ya watu.