Kabla ya Mafuta ya Tanganyika, Nani Atapima Saruji?

Maji ya ziwa Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga. Unaanzia Kalemie, unaingia Lualaba, na Lualaba inapita Kongolo ndipo ifike kwetu Maniema, Kasongo na Nyangwe. Kwa hiyo serikali ya Kinshasa ilipotangaza zabuni ya vitalu 27 vya mafuta tarehe 28 Julai 2022, na 11 kati yake vikiwa katika bonde la ufa la Tanganyika, jambo hilo halikuwa la watu wa Kalemie na Uvira peke yao. Zabuni ilifutwa Oktoba 2024, lakini sababu zilizotolewa zilihusu zabuni yenyewe: maombi yaliyokosekana, yaliyochelewa, yenye kasoro, na ushindani uliokuwa haba. Mwaka 2025 serikali ikafungua vitalu 52 vipya katika bonde la kati la Kongo. Hamu ya mafuta ipo palepale, na vitalu vya ziwani vinaweza kurudi mezani wakati wowote. Mabishano yetu yamekuwa juu ya mgawo wa fedha za mafuta. Mimi nashikilia kwamba kuna swali linalotangulia mgawo: saruji ya kisima itapimwa na nani? Kama jibu ni mchimbaji mwenyewe, ziwa lisiguswe.

Nieleze kwa nini naishikilia saruji kuliko mengine. Wachimbaji wakifika kina fulani huteremsha bomba la chuma, kisha husukuma uji wa saruji ndani yake hadi chini kabisa, nao hugeuka na kupanda kwa nje, kati ya chuma na mwamba. Uji huo ukiganda ndio unaozuia gesi na mafuta kupanda pembeni ya bomba. Mtu aliyejenga nyumba ya matofali anajua kwamba fundi akipunja simenti, lipu huficha kosa hadi mvua ije. Kisimani kosa limefichika zaidi, maana fundi yuko mita elfu kadhaa juu ya kazi yake. Bomba likiegemea upande mmoja, tope la kuchimbia hubaki kwenye upenyo mwembamba na saruji haipiti. Uji ukiwa mzito mno hupasua mwamba na kumezwa nao. Ukiwa mwepesi mno, gesi hujipenyeza kabla haujaganda na kuacha vijia. Vipimo vipo. Kisima hujaribiwa kwa shinikizo, na chombo cha sauti huteremshwa kusikiliza kama bomba limeshikwa na saruji au linalia tupu, kama mnunuzi anavyogonga chungu sokoni ili asikie ufa asiouona. Lakini kipimo kina faida pale tu anayekisoma ana uhuru wa kusema kazi irudiwe.

Uhuru huo ulikosekana katika kisima cha Macondo, ghuba ya Mexico. Hesabu za kitaalamu zilitaka vishikizo 21 vya kuliweka bomba katikati, vikatumika 6. Kikosi cha kupima saruji kwa sauti kilikuwa kimeshafika mtamboni, kikarudishwa asubuhi ya tarehe 20 Aprili 2010 bila kufanya kazi. Jaribio la shinikizo lilitoa dalili mbaya, zikasomwa kuwa nzuri. Usiku huo mtambo huo, Deepwater Horizon, ulilipuka, watu 11 wakafa, na mafuta yakamwagika baharini kwa siku 87. Miezi minane nyuma yake, tarehe 21 Agosti 2009, kisima cha Montara kaskazini mwa Australia kilikuwa kimeanza kufoka, kikaendelea kwa zaidi ya siku 70, na tume ya uchunguzi ikaona kwamba saruji ya chini ya bomba ilikuwa mbovu, haikujaribiwa ipasavyo, na msimamizi wa serikali hakuwa na bidii ya kutosha. Wanaosema kampuni haiwezi kuharibu kisima chake kwa sababu itapata hasara wazitazame kesi hizi mbili. Hasara ya kesho ilikuwepo, lakini haraka ya siku ile ilikuwa na nguvu zaidi.

Maji ya Macondo yalikuwa na kina cha mita 1,500 hivi. Tanganyika, pale palipo pa kina kuliko pote, ni mita 1,470. Tofauti ni kwamba ghuba ya Mexico imeungana na bahari kuu, na ziwa letu lina mlango mmoja tu, maji yake yakikaa mamia ya miaka kabla ya kubadilika. Tena liko juu ya ufa wa dunia ambao bado unatembea: tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitokea ziwani karibu na Kalemie. Saruji iliyoganda ni ngumu lakini haipindi ardhi inaposogea. Sidai kwamba mafuta yangeelea kutoka ziwani hadi Nyangwe. Safari ni ndefu, na Lualaba hupokea maji mengine mengi. Ila samaki wa ziwa, ndagala na mikebuka, wakiharibikiwa, soko litajua kabla ya mto.

Nitaambiwa kwamba Uganda inachimba. Ni kweli, na visima vya Kingfisher vinaanzia nchi kavu na kupinda hadi chini ya ziwa Albert. Njia hiyo inapunguza hatari ya mtambo kuwa majini, na kwetu iwe sharti, lakini bomba lililopinda ni gumu zaidi kuliweka katikati, hivyo saruji yake inadai uangalizi mkubwa zaidi. Nitaambiwa pia kwamba serikali yetu haina wahandisi wa kazi hiyo. Basi iwaazime. Uganda na Tanzania zina mamlaka za kusimamia mafuta, na mkataba wa ziwa uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 umezifunga Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia pamoja, ukiwa na Mamlaka yake Bujumbura. Kikosi kimoja cha wapimaji kiwe chini ya Mamlaka hiyo, kilipwe kutoka mfuko wa pamoja, na kiwe na amri ya kusimamisha kisima. Hoja iliyo nzito kuliko zote ni umaskini, na siidharau; barabara na hospitali hazijengwi kwa maneno. Lakini samaki wa ziwa ni chakula na kazi leo hii, na mafuta ni ahadi.

Kisima kilichokwisha nacho hufungwa kwa saruji, wakati ambapo mwenye kampuni hana tena faida ya kutazamia. Kampuni huweza kuacha kazi: Kabambare, hapa kwetu Maniema, imeona kampuni ya dhahabu ya Banro ikisimamisha kazi katika mgodi wa Namoya mwaka 2019. Kwa hiyo fedha za kufunga kila kisima ziwekwe benki kabla ya kuanza kukichimba. Wabunge wa Maniema, masharti haya mawili, mpimaji huru na amana ya kufunga visima, yadaini yaandikwe sasa, wakati bado hakuna mkataba wa kampuni yoyote uliowafunga mikono.