Ukimya wa Kihisi Si Usalama wa Chanjo

Chanjo nyingi za watoto hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Chanjo ya surua huharibiwa na joto. Ile ya homa ya ini aina ya B huharibika ikiganda. Kwa zahanati za mwambao wa Mtwara, kuanzia Msimbati hadi vijiji vya mlango wa Mto Ruvuma, vihisi vidogo vinavyopima joto la jokofu na kutuma taarifa bila waya vinaweza kuwa msaada mkubwa. Lakini tusiulizie bei na usahihi wa kifaa tu. Tuulize pia betri yake inatumikaje.

Kinachokula betri zaidi ni kutuma taarifa kwa redio, si kupima joto. Hata mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu nishati inayohitajika huwa mara nne. Mikoko yenye unyevu huzidisha gharama hiyo. Ndiyo maana vihisi hupokezana taarifa hatua kwa hatua hadi zifike penye mtandao wa simu. Hapo ndipo penye hatari. Taarifa zote zikifuata njia fupi ileile, kihisi kilicho karibu na kituo hubeba mizigo ya wenzake na kufa mapema. Vilivyo nyuma yake hunyamaza, ingawa betri zake bado zina nguvu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; kwa betri, hakuna mzigo wa usufi.

Dawa yake inajulikana. Mwaka 2000, Wendi Heinzelman na wenzake nchini Marekani walieleza utaratibu wa vihisi kupeana zamu ya kukusanya na kutuma taarifa za kundi. Taratibu nyingine huchagua njia kwa kuzingatia betri iliyobaki.

Wapo watakaosema hayo ni ya wahandisi. Sikubaliani nao. Mtoto aliyepewa chanjo iliyoharibika haanguki siku hiyo. Hasara huonekana surua inapoingia kijijini. Kwa hiyo, mikataba ya ununuzi itamke wazi jinsi mzigo wa kutuma taarifa utakavyogawanywa, na mtambo upige kengele kihisi kinaponyamaza. Muuguzi naye asiache kusoma kipimajoto na kuandika mara mbili kwa siku. Mzazi anayeuliza kama jokofu limekaguliwa leo asionekane msumbufu, anastahili jibu.