Baiskeli nzito? Hesabu kwanza, spana baadaye!

  Mbavu zinauma kwa kucheka.

Kuna mshikaji wangu mmoja hapa Dar kajinunulia ile mashine ya kisasa ya kuendeshea baiskeli sebuleni. Unafunga baiskeli yako juu yake, inaungana na simu, unakanyaga weee, jasho linakutoka lakini hujasogea hata hatua moja! Sasa juzi kanipigia simu analalamika: "Bwana, hii kitu imenigeuka. Mara nyepesi, mara nzito kama napanda mlima na gunia mgongoni. Kesho nairudisha dukani!"

Nikamwambia usirudishe kitu, nakuja. Ugonjwa huo naufahamu. Uliwahi kumtia hasara mjomba wangu kule Namawala, na ukitaka ukweli, aliyemtia hasara ni mimi.

Namawala iko bonde la Kilombero, ukitoka Ifakara unaelekea magharibi. Kule baiskeli si ya kupunguzia kitambi. Ndiyo lori la mpunga, ndiyo teksi, na usiku mtu akizidiwa ndiyo gari la wagonjwa. Ikigoma baiskeli, nyumba nzima imegoma.

Basi nilikwenda likizo wakati wa mavuno. Baada ya shikamoo na chakula, mjomba akanitolea baiskeli yake nyeusi, ile ya breki za vyuma. "Mpwa wangu, hii siku hizi inanichosha. Natoka nayo hapa nyepesi, nikifika katikati ya njia ni kama mtu kanifungia breki."

Mimi nikaizungusha uani mara mbili tatu, nikakunja uso kama injinia, nikatoa hukumu: "Mjomba, fraiwili imekwisha hii. Na cheni. Badilisha vyote."

Mjomba akaniamini. Si mtoto wa mjini, kasoma! Akauza gunia zima la mpunga, tukaenda Ifakara, tukafungiwa vitu vipya vinang'aa. Tulivyotoka pale, baiskeli nyepesi kama karatasi. Nikavimba kichwa.

Kesho yake nikapakia mpunga kupeleka mashine ya kukoboa. Mwanzo raha tupu, napiga na mluzi. Sijafika nusu ya njia, uzito ule ule! Akina mama wenye ndoo kichwani wakanipita kwa miguu. Mmoja akauliza, "Kaka, tukusukume?" Aibu iliyoje!

Nikaikokota mpaka kwa fundi mmoja mzee, chini ya mwembe. Wala hakugusa spana. Akaniuliza, "Uzito unakuja lini?" Nikajibu, unakuja tu. Akatikisa kichwa. "Hakuna uzito wa kuja tu, kijana. Hesabu."

Kata kipande hiki ubandike ukutani, maana hesabu yenyewe ndiyo hii:

Uzito ukija mara moja kila pedali ikizunguka, tazama pedali, mkono wake na lile gurudumu la meno la mbele. Kuna kilichopinda au kulegea.

Ukija kila gurudumu la nyuma likizunguka, na hilo huzunguka zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa pedali, basi ringi imepinda na inagusa breki. Inua baiskeli, zungusha gurudumu, utaona lenyewe linapogusa.

Ukiwa upo muda wote, jaza upepo kwanza, kisha tazama kama breki inagusa na kama cheni ni kavu. Cheni ya kawaida, vipande 24 ni inchi 12. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, imevutika, ibadilishe.

Na ukiongezeka polepole kadiri unavyokwenda? Hapo fundi akatabasamu. Ndani ya gurudumu kuna koni inayobana gololi, na nje yake kuna nati nyembamba ya kuizuia. Nati ile ikilegea, koni inajikaza yenyewe wakati gurudumu linazunguka, mpaka gololi zinakosa pumzi. Ukifungua gurudumu, koni inaachia na uzito unaondoka. Ndiyo maana kule Ifakara tulidhani tumepona! Tulipona kwa sababu gurudumu lilifunguliwa, fraiwili haikuhusika kabisa.

Tena akanimaliza: "Ukikanyaga, fraiwili imejifunga na gurudumu, vinazunguka pamoja. Itakupaje uzito?" Sikuwa na jibu. Akatia grisi, akakaza nati kwa spana mbili, akanidai hela ya soda. Gunia la mjomba limekwenda, dawa ilikuwa nati!

Lakini kuhesabu Namawala si jambo geni. Watafiti wa malaria wa Ifakara wanahesabu mbu kijijini hapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mimi tu ndiye nilikwenda na jibu kabla ya hesabu.

Sasa turudi sebuleni kwa mshikaji. Nikamwambia panda, nikakaa na saa. Uzito ulikuwa unakuja kila akichoka na kupunguza kasi ya miguu. Kumbe mashine kaiamuru imshikilie wati 150 kwa nguvu! Miguu ikizunguka mara 90 kwa dakika, mambo safi. Ikishuka hadi 45, mashine inazidisha uzito mara mbili ili wati zitimie, naye anazidi kupunguza, mwisho miguu inaganda. Mashine ni nzima, inatii amri tu. Dawa: ukiona miguu inazama, zima amri hiyo, zungusha upya, ndipo uiwashe tena.

Yako ikiruka ghafla bila mpango, tazama kama simu na kompyuta zote mbili zinaiamuru kwa pamoja. Kama ni ile inayobana tairi, na tairi linateleza ukikanyaga kwa nguvu, jaza upepo na ukaze kibanio. Na usiipime ikiwa ya baridi, endesha dakika 10 kwanza.

Gunia la mjomba nililipa baada ya miezi minne, kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara. Hakunisema hata siku moja. Ila kila nikienda Namawala na kuanza kutoa ushauri, ananitazama, anauliza, "Mpwa wangu, umehesabu?"

Tukutane wiki ijayo, tukijaliwa!