MWACHENI MAREHEMU APUMZIKE



Tangu Jumapili nimetumiwa picha moja na zaidi ya washirika kumi wa kanisa letu. Ni ngazi za nyumba kubwa ya zamani, na kwenye ngazi kuna umbo jeupe kama mwanamke aliyejifunika shela. Chini mnaandika, "Pasta, mzimu huu! Tuombe!" Leo ninawajibu, na wengine hamtafurahi.

Nyumba hiyo ni Raynham Hall, iko Norfolk, Uingereza. Mwanamke anayetajwa ni Dorothy Walpole, dada yake Robert Walpole, yule anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza. Aliolewa na Charles Townshend mwaka 1713, akafa mwaka 1726. Kilichoandikwa ni kwamba aliuawa na ndui.

Lakini ndui haina utamu wa kusimulia. Kwa hivyo watu wakatia chumvi. Wakasema alikuwa na hawara. Wakasema mumewe alimfungia chumbani, akamnyima watoto wake. Wengine wakasema alianguka kwenye ngazi akavunjika shingo. Mwishowe wakamvika gauni la kahawia, wakamtembeza usiku katika nyumba yake mwenyewe karibu miaka 300 sasa.

Mashahidi ni nani? Mmoja anayetajwa sana ni Kapteni Frederick Marryat, mwandishi wa riwaya. Inasemwa kwamba miaka ya 1830 alikutana na huyo mama usiku, akampiga risasi, risasi ikapita ndani yake na kukwama mlangoni. Sasa uliza ni nani aliyeyaandika hayo. Ni binti yake, Florence, katika kitabu cha mwaka 1891. Baba alikuwa amekufa tangu 1848. Binti alizaliwa 1833, kwa hivyo wakati wa kisa chenyewe alikuwa mtoto mdogo. Na alipoandika alikuwa mtu wa kuhudhuria vikao vya kuita wafu! Mpendwa, ushahidi wa namna hiyo ungeukubali kwa kesi ya shamba lako?

Na picha yenyewe? Ilipigwa Septemba 1936, ikachapishwa Desemba katika gazeti la Country Life. Wachunguzi wameonyesha kwamba picha mbili zikipandana kwenye filamu moja, au mwanga ukiingia vibaya kwenye kamera, unaweza kupata umbo kama hilo. Wewe mwenye simu ya kuongeza masikio ya sungura kwenye uso wa mtoto, bado unashangaa?

Huko huko Norfolk kuna nyumba nyingine, Blickling Hall. Wanasema malkia Anne Boleyn hurudi huko kila tarehe 19 Mei, amebeba kichwa chake. Ni kweli alikatwa kichwa tarehe hiyo mwaka 1536, na ukoo wake ulimiliki mahali hapo. Lakini jumba lililosimama leo lilijengwa katika karne ya 17. Yaani maskini anarudi "nyumbani" katika nyumba ambayo hakuwahi kuiona!

Nisikie vizuri. Pepo wachafu wapo, na kwa jina la Yesu tunawakemea. Lakini pepo si marehemu. Ayubu 7:9-10 inafundisha kwamba aliyeshuka kaburini harejei kuishi kwake. Waebrania 9:27 inafundisha kwamba baada ya kifo ni hukumu, si zamu ya usiku kwenye ngazi.

Najua kuna mtu ananoa swali: "Na Endori je, Pasta?" Soma 1 Samweli 28 yote. Sauli alimtafuta marehemu kwa sababu alikuwa amekataa kumtii Mungu aliye hai. Na alichopata usiku ule hakikumsaidia.

Sasa nije nyumbani, maana sikuandika haya kwa ajili ya Uingereza.

Kuna mama mjane kati yetu. Amenipa ruhusa niandike, bila jina. Mumewe alimwachia vyumba vinne vya kupangisha, na kodi hiyo ndiyo karo ya watoto. Leo vyumba vitatu ni vitupu. Kwa nini? Kwa sababu mtu alisema marehemu husikika akikohoa usiku. Mwingine akaongeza kwamba hakufa kifo cha kawaida. Mwingine akaongeza kwamba mkewe anajua kitu. Nimefuatilia maneno hayo mdomo kwa mdomo, na nimeumia kuona yalikofika: kwenye ushirika wetu wa nyumba kwa nyumba, baada ya maombi, chai ikinywewa.

Ndivyo Dorothy alivyopata hawara. Ndivyo mgonjwa anavyogeuzwa mzimu, na mfiwa anavyogeuzwa muuaji.

Amri ya tisa inakataza kumshuhudia jirani uongo. Haikuweka nafasi kwa jirani aliyekufa. Marehemu hawezi kujitetea, kwa hivyo dhambi hii ni ya woga pia.

Na nyinyi watumishi mnaodai shilingi elfu kadhaa "kusafisha" nyumba ya mjane, mnauza dawa ya ugonjwa ambao hamkuuona. Mimi niliombwa niende na mafuta nifukuze mzimu pale. Nilikataa. Nilienda nikanywa chai, nikalala huko usiku mmoja. Nilichosikia ni bati likisinyaa na paka wa jirani.

Basi leo usiniandikie "Amina" hapa chini. Futa ile picha. Kisha, kama ulisema neno kuhusu ile nyumba, nenda kwa yule mama kabla ya Jumapili, kwa miguu yako, umwombe msamaha. Na kama unatafuta chumba, vipo vitatu. Nitakupeleka mwenyewe.

Mungu atuponye ndimi. Barikiwa.