Kocha Akifungwa, Je, Astahili Matusi?

Katika mazungumzo yetu ya michezo, kocha huitwa mwalimu. Ni jina zito, kwa maana mwalimu hapimwi kwa mitihani peke yake. Hupimwa pia kwa jinsi anavyowatunza watoto aliokabidhiwa. Je, kocha wa timu ya chuo anastahili kusemwa kwa ukali? Ndiyo, wakati mwingine anastahili. Tatizo ni kwamba ukali wetu mara nyingi humwangukia asiyestahili.

Tumtazame Gerry Faust. Mwaka 1981 alikabidhiwa timu ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, Indiana. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1842 na Shirika la Msalaba Mtakatifu, ambalo wamisionari wake wanafanya utume pia huku kwetu Afrika Mashariki. Faust, Mkatoliki mwenye ibada, alitoka katika shule ya sekondari ya Moeller, Cincinnati, ambako alizoea kushinda. Chuoni mambo yakawa magumu. Katika misimu 5 alishinda mechi 30, akapoteza 26 na kutoka sare 1. Mashabiki walitunga hata msemo wenye vina wa kutaka aondolewe. Novemba 1985 alitangaza kujiuzulu, na katika mechi yake ya mwisho timu ilichapwa na Miami 58 kwa 7.

Tuseme ukweli: waliosema kazi ile ilimshinda hawakukosea. Mwaka 1988, chini ya mrithi wake Lou Holtz, Notre Dame ilitwaa ubingwa wa taifa. Kusema kwamba kocha amepanga vibaya au kwamba muda wake umekwisha si dhambi. Lakini kosa la Faust lilikuwa kufungwa. Kwa kosa hilo, kejeli ilitoka kwenye kazi yake ikamfikia yeye mwenyewe.

Sasa tumtazame Joe Paterno wa Chuo Kikuu cha Penn State. Alikuwa kocha mkuu tangu 1966 hadi 2011, akashinda mechi 409, akajengewa sanamu nje ya uwanja. Mwaka 2001 msaidizi wake mmoja alimweleza kwamba amemwona Jerry Sandusky, aliyewahi kuwa kocha msaidizi hapo, akimdhulumu mtoto bafuni. Paterno alipeleka habari kwa wakubwa wake chuoni. Polisi hawakuambiwa. Sandusky alikamatwa Novemba 2011, miaka kumi baadaye, na mwaka 2012 mahakama ikamtia hatiani kwa makosa 45 ya kudhulumu watoto. Chuo kilipomwachisha Paterno kazi, maelfu ya wanafunzi waliingia mitaani, si kwa ajili ya watoto, bali kumtetea kocha. Walipindua hata gari la kituo cha televisheni. Paterno mwenyewe alikiri kwamba alitamani angefanya zaidi.

Tuwaweke hawa wawili pamoja. Aliyepoteza mechi alizomewa na watu wake. Aliyeshinda mechi, akaishia nusu ya njia katika kuwalinda wadogo, aliandamaniwa kwa kutetewa. Hapo ndipo mizani yetu imepinda.

Wapo watakaosema kocha wa Marekani analipwa mamilioni, hivyo avumilie. Hoja hiyo ina uzito: mwenye mshahara mkubwa na awajibike, na asipoweza aondoke. Lakini mshahara hununua kazi ya mtu, haununui heshima yake. Katekisimu, namba 2478, inatuagiza tujitahidi kuyapokea kwa upande mwema mawazo, maneno na matendo ya jirani. Haikumtenga jirani aliyefungwa.

Mafrateri na waumini wenzangu, jambo hili halikomei Marekani. Timu ya parokia ikitolewa kwenye bonanza, kocha wake husemwa wiki nzima, na anayemsema kwa sauti kubwa huenda hakuhudhuria hata zoezi moja. Huyo tumwambie kasoro zake ana kwa ana, kama Injili ya Mathayo sura ya 18 inavyotufundisha, kisha tumsaidie au tumbadilishe kwa heshima.

Lakini mtoto akisema kwamba mwalimu wake, kocha, katekista au padre anamtendea vibaya, hapo upole si fadhila tena. Hatuulizi kwanza ameleta vikombe vingapi, wala haitoshi kumwambia mkubwa mmoja na kunawa mikono. Mtoto apewe ulinzi siku hiyo hiyo, viongozi wa Kanisa wajulishwe, polisi waambiwe, na tufuatilie hadi mwisho. Ukali wetu tuuweke akiba kwa ajili ya siku hiyo.