Kodi ya Mwaka na Uaminifu wa Mtu



Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, ikitimiza uamuzi wa TANU wa mwaka 1973, vijana wetu wengi wa Tanga, Bagamoyo na Kilwa wamekwenda huko bara kutafuta riziki. Wa kwanza kuwapokea ni dalali. Huwazungusha Nkuhungu, Chang'ombe na Nzuguni, akachukua kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Kisha mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kabla ufunguo haujatoka mfukoni mwake.

Mwulize sababu, atakwambia, "Simjui mtu huyu." Na kwa kuwa hamjui, humpima kwa karatasi ya mshahara. Karani wa wizara hupewa chumba; fundi cherehani na mjane mwenye watoto huambiwa kimekwisha pata mtu. Ilikuwapo sheria ya mwaka 1984 ya kuzuia kodi za nyumba, nayo ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi imeachiwa mapatano ya watu wawili, nanyi mnajua ni yupi kati yao mwenye nguvu.

Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 300,000, na pamoja na dalali ni 350,000. Mchuuzi wa sokoni atazitoa wapi kwa siku moja? Atakimbilia mikopo ya simu, na ile ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 za mikopo zisizo na leseni, lakini dhiki inayowapeleka watu huko ingalipo. Basi ewe mwenye nyumba unayeswali safu ya mbele na kuilaani riba, tambua kwamba sharti lako ndilo linalomsukuma mpangaji hadi mlangoni kwa mla riba!

Wako wasemao tufuate Marekani na Uingereza, ambako mwenye nyumba hutazama kwanza taarifa ya madeni ya mpangaji. Hapa petu pia Benki Kuu ilitoa leseni mwaka 2013 kwa kampuni za kuweka taarifa hizo, kwa ajili ya wakopeshaji. Hatukatai deni kuandikwa, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu jambo hilo hilo. Lakini kipimo hicho chamjua aliyekopa tu. Aliyejiepusha na riba umri wake wote hana alama yoyote humo. Je, afungiwe mlango kwa sababu ya ucha Mungu wake?

Imepokewa kwamba mtu mmoja alimshuhudilia mwenziwe mbele ya Sayyidna Umar (R.A.). Umar akamwuliza: ni jirani yake? Amesafiri naye? Ameamiliana naye kwa fedha? Yalipokosekana yote matatu, akamwambia kuwa basi hamjui. Hicho ndicho kipimo, nacho chapatikana Dodoma leo. Mwulize jirani wa alikotoka, mwulize imamu wake, mwulize mwajiri wake. Taka mdhamini. Bwana Mtume (S.A.W.) aliiweka deraya yake rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri, kwa hiyo kutaka dhamana si tusi. Kodi ya kutangulia nayo si haramu. Tunalolikemea ni kumbebesha mja mzigo usiobebeka, kisha kuuita tahadhari.

Nanyi wapangaji, msidhani mmesalimika. Wako wanaohama usiku na kodi za watu. Kila mmoja wao huwaharibia kumi watakaomfuata, na kuwapa wenye nyumba hoja ya ukali wao. Kodi ni deni, na Mtume alikuwa akiletewa jeneza huuliza kwanza kama maiti ana deni.

Basi, wenye nyumba, pokeeni kodi kwa mwezi au kwa miezi mitatu, kwa mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa. Nanyi wazee wa pwani, mtoto wenu anapopanda basi la Dodoma, mwandikieni barua ya dhamana itakayomtangulia. Mtu huaminiwa kwa kushuhudiliwa na wanaomjua, na wanaomjua ni ninyi.

Wabillahi tawfiq.