Kimefutwa na Nani?

Mwanafunzi mpenzi,

Ukipita Wandegeya saa nne za usiku, chini ya kilima cha Makerere, utakuta chapati zinageuzwa kikaangoni, runinga imewashwa, na watu wanabishana juu ya mambo ya nchi. Kipindi cha mjadala au cha dhihaka kinapoondolewa hewani, ubishi huo hugeuka kuwa swali moja: ni siasa au ni fedha? Nakusihi usichague upande upesi. Swali lenyewe limetegwa, na sarufi uliyokwisha kujifunza inatosha kuutegua mtego huo.

Itazame sentensi hii: "Kipindi kimefutwa kwa sababu za fedha." Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa. Neno "kwa" linataja sababu, lakini neno "na", ambalo lingetutajia mtenda, halimo. Fedha haina mkono wa kutia saini. Hata hasara ikiwa ya kweli, yuko mtu aliyeamua kwamba hasara hii, na si ile, ndiyo isiyovumilika. Na kwamba wakati wa kuimaliza ni leo, si mwaka jana.

Tuchukue vituo viwili vyenye jina moja: CBS ya Marekani na CBS ya Mengo, redio ya Buganda. Tarehe 17 Julai 2025, CBS ya Marekani ilitangaza kwamba kipindi cha usiku cha Stephen Colbert kingekoma Mei 2026, ikashikilia kuwa uamuzi huo ulikuwa wa fedha tu. CBS yetu ilizimwa tarehe 10 Septemba 2009, ghasia zilipozuka Kampala baada ya serikali kumzuia Katikkiro wa Buganda kwenda Kayunga kuandaa ziara ya Kabaka. Hapo hakuna aliyetaja fedha. Redio ilinyang'anywa leseni, ikakaa kimya hadi Oktoba 2010.

Siku hizohizo serikali ilipiga marufuku ebimeeza, mijadala ya hadhara iliyorushwa redioni moja kwa moja. Neno hilo la Kiganda limetokana na "meza" yetu. Ila kiambishi ki-, ambacho katika Kiswahili hudogosha, katika Kiganda hukuza. Ekimeeza ni meza kubwa, inayotosha kila mtu. Radio One iliiandika meza yake Club Obbligato, na mwananchi yeyote aliweza kusimama akasema lake. Hesabu gharama zake: ukumbi, vipaza sauti vichache, na wasikilizaji wanaojinunulia vinywaji. Kipindi rahisi kiasi hicho hakisingiziki hasara. Ndiyo maana amri ya kukizima ilibidi itoke waziwazi, kinywani mwa serikali.

Hata vipindi vya usiku vimepata kuonja amri hiyo. Agosti 2005, KFM ilifungwa kwa takriban wiki moja baada ya Andrew Mwenda kuzungumzia hewani kifo cha John Garang. Mwenda mwenyewe akashtakiwa kwa uchochezi. Usiku wa Ijumaa, tarehe 11 Septemba 2009, mwandishi Kalundi Sserumaga alikamatwa alipotoka kushiriki mjadala katika runinga ya WBS. Naye alishtakiwa kwa uchochezi, kosa ambalo Mahakama ya Katiba ililibatilisha Agosti 2010.

Funzo langu la kwanza ndilo hili: kipindi kikiwa rahisi, mamlaka hulazimika kuonyesha uso wake, kikiwa ghali, huweza kujificha nyuma ya daftari la mhasibu. Wahenga walisema, akufukuzaye hakwambii toka.

Wala usidhani kwamba daftari hilo ni la Marekani peke yake. Mwaka 1993 serikali yetu ilizizuia idara zake kutangaza katika gazeti la The Monitor, na zuio hilo likadumu miaka kadhaa. Machi 2023 rais aliagiza matangazo ya serikali yapelekwe UBC, shirika la utangazaji la serikali. Kituo cha binafsi kikipunguza vipindi baada ya agizo kama hilo, mhasibu wake atasema kweli kwamba mapato yamepungua. Nawe utakuwa umedanganyika ukiishia hapo, kwa maana aliyeyapunguza hakuwa soko.

Anayenipinga atasema kwamba fedha huua kweli. Ana haki ya kusikilizwa. WBS, iliyonusurika vishindo vya 2009, ilimezwa baadaye na madeni ya kodi. Kipindi cha Colbert kiliripotiwa kupoteza takriban dola milioni 40 kwa mwaka, maana watazamaji wamehamia kwenye simu na watangazaji wa bidhaa wamewafuata. Sikatai hata moja.

Lakini hasara ya miaka haina tarehe, uamuzi unayo. Mapema Julai 2025, Paramount, kampuni inayomiliki CBS hiyo, ilikubali kulipa dola milioni 16 kumaliza kesi ya Rais Trump. Colbert akayaita malipo hayo hongo mbele ya watazamaji wake. Siku tatu baadaye kufutwa kwa kipindi kukatangazwa. Wiki moja tena, tume ya mawasiliano ya serikali ikaidhinisha kampuni hiyo iungane na Skydance. Sidai kuwa nimeiona barua ya siri. Nadai tu kwamba anayengoja muhuri wa serikali hawezi kutuambia kuwa alikuwa akitazama hesabu peke yake. Na Septemba ya mwaka huohuo, Jimmy Kimmel aliposimamishwa saa chache baada ya mwenyekiti wa tume ileile kutishia hadharani, hakuna aliyejisumbua kutaja hasara.

Kwa hiyo, utakaposoma tena kwamba kipindi kimefutwa, iulize habari hiyo maswali matatu. Kimefutwa na nani? Kwa nini siku hii na si nyingine? Na huyo aliyekifuta alikuwa akingoja leseni, tangazo au kibali kutoka kwa nani? Ukipata majibu, utaona kwamba siasa na fedha si wapinzani. Mara nyingi moja ni mkono na nyingine ni fimbo.

Ibara ya 29 ya Katiba ya Uganda inakupa uhuru wa kusema, na inavitaja vyombo vya habari kwa jina. Uhuru huo hauporwi kwa bunduki tu. Huporwa pia kwa sentensi isiyo na mtenda, sisi tukaisoma na kwenda kulala. Irudishie sentensi hiyo "na" yake.